Mapezi ya kuzamia kwa mtu wa bara: dalili, chanzo na dawa yake

Mzamiaji anayeishi Dodoma huvaa mapezi yake siku chache tu kwa mwaka, akishuka Mafia, Pemba au visiwa vya Dar es Salaam kama Mbudya na Bongoyo. Siku nyingine zote mapezi yanalala kabatini, au stoo chini ya bati, kwenye joto, hewa kavu na vumbi. Kwa hiyo shida nyingi zinazojitokeza baharini zilianza nchi kavu: kwenye kipimo kilichokosewa siku ya kununua, au pale mapezi yalipolazwa. Bapa ndilo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi halina kosa.

Tukubaliane majina kwanza. Bapa ni sehemu pana inayosukuma maji. Mbavu ni kingo nene za pembeni zinazolipatia bapa ugumu. Kiatu ni sehemu unayoingiza mguu. Pezi la kisigino kilichofunikwa huvaliwa peku au kwa soksi nyembamba ya neoprini, ule mpira laini wa nguo za kuzamia. La kisigino wazi huvaliwa na buti, na hushikwa na mkanda wa mpira au wa springi.

Mguu unakaza ukiwa chini ya maji

La haraka kwanza: acha kupiga miguu, mwashirie mwenzako, shika ncha ya bapa, kisha nyoosha goti huku ukiivuta ncha hiyo kuelekea kwako. Msuli wa nyuma ya mguu utavutika na kuachia. Ukande kwa mkono, tulia dakika moja, halafu anza tena polepole. Ukirudi kasi ileile, utakaza tena.

Baada ya hapo tafuta chanzo. Swali la kujiuliza ni moja: umekaza wapi hasa?

Ukikaza unyayo, tatizo lipo kwenye kiatu. Kiatu kinachobana kinaukunja unyayo. Kiatu kilicholegea nacho ni hatari ileile, na hili watu wengi hawalitegemei: vidole hujikunja vyenyewe ili kulishika pezi lisitoke, na baada ya dakika ishirini za kujikunja msuli wa unyayo unagoma. Vaa pezi, kaa kitini, legeza mguu kabisa, mwambie mtu atikise bapa juu na chini. Ukihisi vidole vinakamata chini, kiatu ni kikubwa. Soksi ya neoprini ya milimita 2 au 3 huponya tatizo hili bila kununua pezi jipya.

Ukikaza shavu la mguu, ama bapa ni gumu kuliko nguvu zako, ama unaponda maji kwa kifundo badala ya kuanzia nyongani. Mapezi mazito ya mpira ni mazuri kwa mtu aliyezoea teke la chura (kukunja magoti, kisha kufunga miguu kama chura), lakini mgeni akiyapiga juu chini kwa mfululizo, dakika kumi zinamtosha. Kama unazamia wiki moja kwa mwaka, chukua bapa la ugumu wa wastani na uachane na sifa za muuzaji.

Ukikaza mbele ya paja, unaendesha baiskeli: goti linakuja tumboni, kisha unalisukuma pezi nyuma kama pedeli. Maji hayasukumwi, yanakatwa tu. Nenda bwawani, shika ukingo, piga miguu sekunde thelathini, mtu akurekodi kwa simu kutoka pembeni. Goti likipita chini ya usawa wa tumbo, umeliona kosa lako mwenyewe. Rekebisha kwa kunyoosha mguu karibu wote, goti likilegea kidogo tu, na mwendo uanzie nyongani.

Ukikaza nyuma ya paja, kwa kawaida unajifunza teke la chura na umekaa muda mrefu na magoti yaliyokunjwa. Hapo ni mazoezi tu.

Na kuna sababu moja ya msafiri isiyohusu mapezi kabisa. Ukitoka Dodoma kwa gari mchana, madirisha wazi, huku unajinyima maji ili usisimamishe gari njiani, unafika pwani umekauka. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, kesho yake usishangae miguu ikikaza kwenye mapezi yaliyokuwa mazuri mwaka jana.

Unapiga miguu lakini huendi

Kabla ya kulaumu bapa, angalia umelalaje. Mzamiaji aliyebeba risasi (vipande vya uzito vya kumshusha) nyingi kiunoni huogelea kichwa juu, miguu chini. Kila teke linamsukuma mbele na juu kwa pamoja, naye anatoa hewa kwenye jaketi lake la kuelea ili asipande, halafu anazama, halafu anajaza tena. Nusu ya nguvu yake inaishia kupambana na mzigo wake mwenyewe. Pima mwishoni mwa mbizi, mtungi wa hewa ukibaki na mgandamizo wa bar 50: toa hewa yote kwenye jaketi, kaa wima juu ya maji bila kupiga miguu, shika pumzi ya kawaida. Maji yakifika usawa wa macho, risasi zinatosha. Ukizama moja kwa moja, punguza kilo moja na upime tena.

Ukishalala sawasawa na bado huendi, rudi kwenye kiatu. Mwenzako ashike ncha ya bapa kwa nguvu, wewe uzungushe kifundo. Kisigino kikicheza zaidi ya sentimita moja, nguvu yako inapotelea humo ndani kabla haijafika kwenye bapa.

Mwisho ndiyo bapa lenyewe. Bapa laini sana linapinda kabla halijasukuma kitu, na utalijua kwenye mkondo: Pemba, au kwenye mlango wa ghuba ya Chole kule Mafia maji yakiwa yanatoka, utapiga miguu huku ukiliangalia tumbawe lilelile. Mapezi yaliyopasuliwa katikati huyapumzisha magoti, lakini kwa teke la chura na kurudi nyuma hayafai. Yale marefu ya wanaozama kwa pumzi yaache kwao. Ukiwa na mtungi mgongoni karibu na matumbawe yatakuharibia siku, na yataharibu na matumbawe.

Miguu inapanda, au inavutwa chini

Kuna mapezi yanayoelea na yanayozama, na lebo nyingi hazikuambii. Jaribu kwenye pipa la lita 100 nyumbani. Lakini kumbuka maji ya bahari ni mazito kuliko ya bombani kwa asilimia mbili na nusu hivi, kwa hiyo pezi linalozama kwa kusitasita kwenye pipa litaelea baharini. Ukitaka jibu la uhakika, koroga gramu 35 za chumvi kwa kila lita, yaani kilo tatu na nusu kwa pipa hilo. Chumvi ya mawe ya sokoni inatosha.

Miguu ikipanda, shusha mtungi sentimita mbili au tatu kwenye jaketi, au tafuta mapezi mazito zaidi. Miguu ikizama, hamisha kilo moja ya risasi kutoka kiunoni uifunge kwenye mkanda wa juu wa mtungi. Badilisha kitu kimoja kwa mbizi moja, la sivyo hutajua kipi kilisaidia.

Pezi linachomoka ukiruka majini

Hutokea zaidi kwa kisigino wazi, mtu akiruka hatua ndefu kutoka kwenye boti. Kwenye boti ndogo za faiba, ambako watu hujibwaga kinyumenyume, linachomoka mara chache. Sababu ni tatu. Mkanda haukukazwa baada ya buti kulowa. Neoprini iliyolowa huteleza, kwa hiyo kaza mara ya pili dakika chache kabla ya kuruka. Klipu imejaa mchanga na meno yake hayashiki: isugue kwa mswaki wa zamani chini ya maji. Au meno yamelika, na hapo hakuna ujanja ila klipu mpya. Pande zote mbili za mkanda ziwe na urefu sawa, na mikia yake ielekee ndani, isije ikanasa nyavu au kamba.

Mkanda wa springi hauna cha kukaza, na ndiyo raha yake. Ila urefu wake hauongezwi. Ukinunua buti nene kuliko za zamani, springi itakukata kisigino. Ukinunua nyembamba, itapwaya.

Malengelenge, kucha nyeusi, vidole vilivyobanwa

Hapa Dodoma si rahisi kukuta duka la kujaribia mapezi. Watu huagiza Dar es Salaam au mtandaoni, wengine huokota mtumba mzuri, na kosa linaanzia kwenye namba. Namba 42 ya kampuni hii si 42 ya ile. Agiza kwa sentimita.

Pima jioni, baada ya siku ya kutembea, kwa sababu mguu umevimba kidogo kama utakavyovimba kwenye joto la pwani. Bandika karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama kisigino kikiwa ukutani na uzito wote juu ya mguu huo, weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi. Pima miguu yote miwili na uchukue mrefu. Kama utavaa buti, pima umevaa buti hizo. Kosa la kwanza kwa wingi ni kujaribu pezi la kisigino wazi mguu ukiwa peku: linaonekana linatosha, kisha buti haiingii.

Likifika, la kisigino kilichofunikwa lijaribu likiwa limelowa. Vidole vifike karibu na uwazi wa mbele bila kukunjwa, na kisigino kisitoke ukisimama kwa vidole. Likibana nchi kavu, usijidanganye kwamba litalainika. La kisigino wazi, mguu uingie hadi kiatu kikaribie kifundo, na ukiinua mguu hewani bila mkanda, pezi lisianguke mara moja.

Lengelenge juu ya kidole au nyuma ya kisigino, kipimo kikiwa sahihi, ni mchanga. Suuza mguu na kiatu ndani ya maji kabla ya kuvaa. Ni jambo dogo, na ndilo linaloachwa zaidi.

Mchanga unatimka nyuma yako

Usikimbilie mapezi mafupi, badilisha teke. Teke la juu chini husukuma maji chini, na ukiwa mita moja juu ya mchanga wingu zima litampata anayekufuata. Teke la chura hutupa maji nyuma: kunja magoti, geuza nyayo kutazamana, funga miguu, teleza. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ncha ya bapa inayovunja matawi ya tumbawe ndiyo alama ya mzamiaji asiyejua mapezi yake yanaishia wapi. Ongeza nusu mita kwenye urefu wako kila unapogeuka.

Bapa limepinda

Hii ni shida ya kabatini. Mapezi yaliyosimamishwa kwa ncha, yaliyokunjwa ndani ya begi, au yaliyoachwa kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani hupinda kwa joto na kubaki hivyo. Pezi moja likipinda, utaogelea ukivutwa upande mmoja.

Kwa plastiki na mpira mgumu, jaribu maji moto. Kwa mwinuko wa Dodoma, unaokaribia mita 1,100, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Changanya nusu kwa nusu na maji ya kawaida upate kama nyuzi 60. Yamimine kwenye beseni la kufulia, laza bapa dakika tatu hadi tano, kiatu kikiwa nje. Litoe, ulilaze juu ya meza tambarare, weka ubao juu na tofali mbili juu ya ubao, uache lipoe lenyewe saa nzima. Likigoma, rudia mara moja. Usitumie maji yanayotokota, na usijaribu hili kwa bapa la kaboni au faiba. Gundi yake italegea.

Mistari myeupe kwenye plastiki, pale bapa linapoungana na kiatu, ni habari nyingine. Huo ni uchovu wa plastiki, na ufa unafuata. Ukikagua mtumba, kunja bapa taratibu na uangalie hapohapo kabla ya kutoa hela.

Unga mweupe, mpira unaonata, nyufa

Umefungua kabati, mapezi meusi yamekuwa meupe. Usikimbilie kuyasugua. Lowesha kidole, pitisha juu. Weupe ukiyeyuka na ukihisi chembe, ni chumvi uliyorudi nayo kutoka baharini. Ukiwa kama nta, ukafutika kisha ukarudi baada ya wiki, ni kinga ya mpira yenyewe inayojitokeza juu, na haina ubaya, iache. Ukinuka uvundo na kuwa na madoa ya kijivu, ni ukungu: sabuni ya kuoshea vyombo, maji, kisha kivuli.

Mpira unaonata ukiushika haurudi. Umeshaharibika, na hakuna cha kupaka kitakachoutengeneza. Vaselini, ambayo kila nyumba inayo, huutafuna mpira badala ya kuulisha. Mafuta ya injini ni balaa zaidi.

Nyufa ndogo zinatokana na jua, joto na gesi ya ozoni. Ozoni hutoka kwenye mota zinazotoa cheche, kwa hiyo stoo yenye pampu ya maji au jenereta si mahali pa mapezi. Mahali pazuri ni chumbani, chini ya kitanda au kwenye rafu ya chini ya kabati, yakiwa yamelazwa, ndani ya mfuko wa kitambaa unaozuia vumbi la kipupwe. Ndani ya viatu rudisha vile vigumu vya plastiki vilivyokuja navyo. Kama ulivitupa, jaza magazeti makavu. Buti zitundike juu, mbali na panya. Panya hutafuna neoprini bila simile.

Usafi wenyewe ufanyike pwani, kabla ya safari. Maji ya bahari yakikauka ndani ya klipu na springi njiani, chembe za chumvi zinabaki humo, na hewa kavu ya huku inayakausha haraka kuliko unavyodhani. Loweka dakika thelathini kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, fungua na kufunga klipu mara kadhaa humo ndani, kisha kausha kivulini. Ukilazimika kuosha Dodoma siku ya mgao, nusu ya ndoo ya lita 20 inatosha ukianza na mikanda na kumalizia mabapa. Maji hayo usimwagie mchicha. Mapezi ya mazoezi ya bwawani nayo yasuuzwe kila siku, maana klorini huchakaza mpira.

Kwa kuwa tumetaja safari: tangu 2024 treni ya umeme inakutoa Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa tatu au nne, na mwinuko huu unahesabika kwa mzamiaji kama ndege inavyohesabika: naitrojeni iliyobaki mwilini baada ya mbizi inaweza kutoka kama mapovu ukipanda mapema. Subiri walau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 kama ulizamia mara kadhaa au siku mfululizo. Mbizi za asubuhi na treni ya jioni haviendi pamoja.

Na mazoezi yafanyike kwenye bwawa la kuogelea. Bwawa la umeme la Mtera lina mamba na viboko.

Mkanda unakatika

Hukatika ukiuvuta, yaani kwenye boti, wenzako wameshavaa mitungi. Wiki tatu kabla ya safari uvute mkanda juu ya kidole gumba uupinde: vijinyufa vinavyofunguka upande wa nje vinasema ubadilishe. Kabla ya kutoa wa zamani, upige picha kwa simu, maana kuuingiza kinyume ni rahisi na klipu haitashika. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinaweza kukuvusha zoezi la bwawani, si mbizi ya mkondo. Gundi ya fundi viatu nayo ni ya ndala: kwenye kiatu cha pezi huachia likishakunjwa na kulowa mara chache.

Kwa nini wiki tatu? Mkanda wa saizi yako unaweza kukosekana kabisa mjini, na kuusubiri kutoka Dar es Salaam au nje kunaweza kula wiki mbili. Agiza miwili na klipu moja ya akiba, uviweke ndani ya kiatu cha pezi la kushoto, hapohapo utakapovikuta.